MSWAKI NA DAMU YA FIZI

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mtu kinywa cha kulia riziki na ulimi wa kumtajia Mola wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: liko jambo ambalo aghalabu ya wanaume wa pwani wamelipata katika nafsi zao. Mtu huamka alfajiri, akaenda birikani kutawadha, akashika mswaki wake akasugua meno. Akitema, huona mate yamechanganyika na damu. Siku ya kwanza hustaajabu. Siku ya pili hupunguza mkono. Siku ya tatu husema, "Mswaki huu wanidhuru," akauweka dirishani asiurudie tena. Kwa kuwa hapana tena kinachozigusa fizi, damu haionekani, naye hudhani amepona. Kumbe maradhi yamesalia mahali pake, yafanya kazi yao kimya. Ikipita miaka, jino hulegea kama kigingi katika mchanga, hatta siku moja likatoka kwa tonge la wali.

Waraka huu wakusudia kubainisha jambo moja: damu hiyo si sababu ya kuacha mswaki, ni mwito wa kuupiga kwa uangalifu zaidi kuliko jana.

FASLU YA KWANZA: CHEO CHA MSWAKI

Wamepokea Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Abu Hurayra, khabari ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuzuiliwa kuulazimisha mswaki kwa kila sala illa na huruma yake kwa umma, wasije wakaona mashaka. Na katika Bukhari imo khabari ya saa zake za mwisho. Aliingia Abdurrahman mwana wa Abubakar, na mswaki mkononi. Mtume akautazama, na Bibi Aisha akafahamu kuwa autaka. Akautwaa, akaulainisha kwa meno yake, akampa, naye akaupiga. Basi jambo lililomshughulisha Mtume katika saa ya kufariki kwake si jambo la mtu kuliacha kwa matone mawili ya damu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, mswaki ni sunna kwa jumla, na hutiliwa nguvu zaidi wakati wa kutawadha, na wa kusimama kusali, na wa kusoma Kurani, na wa kuamka usingizini, na pindi harufu ya kinywa ibadilikapo. Afuataye hayo husafisha kinywa chake mara nyingi kwa usiku na mchana kuliko tabibu yeyote amwagizavyo. Lakini makusudio ni kusafisha, si kupitisha kijiti juu ya meno mawili ya mbele na huku safu inapangwa.

Tena meno yana kazi katika ibada yenyewe. Herufi za thaa na dhali hutoka kwa ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu; na faa hutoka kwa meno hayo pamoja na mdomo wa chini. Mtu aliyepotewa na meno hayo husoma kwa tabu herufi alizozisoma sawasawa tangu utoto wake chuoni. Na fizi zilizooza hutoa harufu. Ikiwa mla kitunguu saumu kibichi ametakiwa asiwakaribie wenziwe msikitini mpaka harufu imtoke, basi mwenye fizi mbovu naye ana haki ya jirani yake wa safuni ya kuiangalia.

FASLU YA PILI: ASILI YA MARADHI

Juu ya meno ya kila mtu, hatta aliyesukutua sasa hivi, huota utando mwembamba unaonata. Watu huuita ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni makundi ya vijidudu vinavyoishi pamoja na kushikana na jino. Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mtu wa mji wa Delft katika Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuza alichokifanya mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikienda huku na huko. Akaipeleka khabari hiyo kwa barua kwa wanachuoni wa London. Tangu hapo haikuwa siri kwamba kinywa kina wakazi.

Ukoga ukiachwa hunywa chumvi za mate, ukawa mgumu kama chokaa ya ukutani. Huo ndio ugaga. Na tofauti yao ni kubwa: ukoga huondoka kwa mswaki, lakini ugaga hauondoki illa kwa chombo cha tabibu wa meno.

Ukoga ukikaa penye mpaka wa jino na ufizi, mwili hupigana nao. Damu huelekea pale kwa wingi, ufizi ukawa mwekundu, ukavimba, ukawa mwepesi wa kuvuja. Kwa hiyo mswaki ulio laini unapopita hapo na damu ikatoka, haukuleta jeraha jipya. Umefunua tu maradhi yaliyokuwapo, kama mtu afunguaye mlango wa ghala akasikia harufu ya samaki aliyeoza: aliyeozesha samaki si yeye aliyefungua mlango.

Jambo hili lilijaribiwa katika mji wa Aarhus, Denmark, na khabari yake ikapigwa chapa mwaka 1965. Tabibu Harald Löe na wenziwe waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Baina ya siku 10 na siku 21 wote walipata uvimbe wa fizi. Hakuokoka hatta mmoja. Kisha wakaamrishwa kurudi kusafisha, na kwa kadiri ya juma moja fizi zikarejea uzima. Hoja ni wazi: waliougua ni walioacha, na waliopona ni waliorudi.

FASLU YA TATU: SI KILA DAMU NI KISEYEYE

Wako wasemao kwamba kila damu ya fizi ni kiseyeye, wakanywa maji ya ndimu wala wasiguse mswaki. Kiseyeye ni maradhi ya kukosa vitamini C, iliyomo katika matunda na mboga mbichi. Yaliwaangamiza mabaharia wengi wa safari ndefu, waliokaa miezi baharini kwa mikate mikavu na nyama ya chumvi. Mwaka 1747 tabibu James Lind, katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila wawili kwa dawa yao. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote.

Lakini mtu akaaye pwani, alaye maembe, mapera, machungwa na mchicha, ni nadra kwake kupatwa na kiseyeye. Damu yake aghalabu ni ya ukoga, na ukoga hauondoki kwa kunywa ndimu. Na anayepaka ndimu juu ya meno kila siku ajidhuru kwa namna nyingine, kwani ukali wake hula ngozi ngumu ya jino, na ngozi hiyo ikisha kuliwa hairudi.

FASLU YA NNE: DARAJA MBILI ZA MARADHI

Daraja ya kwanza ni uvimbe wa fizi peke yake. Ufizi huwa mwekundu badala ya rangi yake, huvimba, hutoka damu. Wala hauumi, na kwa ajili hiyo watu hughafilika. Daraja hii huponyeka yote kwa kusafisha, jino na mfupa vikabaki salama.

Daraja ya pili ni maradhi kushuka chini. Baina ya jino na ufizi pana kijifuko. Kwa mtu mzima wa fizi kina chake ni milimita 1 hadi 3. Maradhi yakizidi, kijifuko hufika milimita 4, kisha zaidi. Ukoga na ugaga hukaa ndani mwake, mswaki usifike, na mfupa ulioshika jino ukaliwa kidogo kidogo. Dalili zake ni hizi: fizi hurudi nyuma, meno yakaonekana marefu, nafasi hufunguka baina ya meno, usaha hutoka ukibonyeza, harufu mbaya haiondoki kwa kusukutua, na meno hutikisika. Mfupa uliokwisha kuliwa haurejei wenyewe. Linalowezekana ni kuyasimamisha maradhi pale yalipofika, na hilo si jambo dogo, kwani mtu hubaki na meno yake.

Wala mtu asidhani kuwa ni maradhi ya wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria mwaka 2022 kwamba wenye maradhi makali ya fizi duniani wapita watu bilioni 1.

Husemwa, "Babu yangu hakupiga mswaki, naye alikufa na meno yake." Jawabu lake limepatikana Sri Lanka. Löe huyo huyo na wenziwe, tangu mwaka 1970, waliwafuata kwa miaka 15 wanaume 480, vibarua wa mashamba ya majani ya chai, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Katika kila watu 100, kadiri ya 8 maradhi yaliwala kwa haraka, 81 kwa mwendo wa kati, na 11 hayakupita uvimbe wa fizi. Basi babu huyo huenda alikuwa katika wale 11. Lakini hapana ajuaye kabla ya wakati kuwa yu katika kundi gani, na mwenye akili hajengi nyumba yake juu ya bahati ya babu yake.

FASLU YA TANO: YANAYOZIDISHA MARADHI

La kwanza ni tumbaku. Mvuta sigara hupata maradhi haya zaidi, na dawa humfaa kidogo. Tena moshi hubana mishipa ya fizi, damu ikapungua. Basi mvutaji huwa mgonjwa wala asione damu ya kumwonya. Ni kama nyumba iwakayo moto na mlinzi wake amefungwa kinywa.

La pili ni tambuu yenye popoo na tumbaku, na ugoro uwekwao kinywani. Chokaa na popoo huchubua fizi. Na shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, katika kitabu chake cha mwaka 2004, limeihesabu popoo peke yake, hatta bila tumbaku, kuwa ni katika vitu viletavyo saratani kwa wanadamu.

La tatu ni ugonjwa wa sukari. Sukari ikipanda katika damu, fizi huwa dhaifu mbele ya vijidudu; na fizi zikiugua, sukari huwa ngumu kushuka. Kila mmoja humsaidia mwenziwe katika ubaya. Mwenye sukari amwambie tabibu wake khabari ya fizi zake, na mwenye fizi zisizopona apime sukari.

Na mume ajue pia kwamba mkewe akiwa mja mzito, fizi zake huvimba na kutoka damu kwa upesi zaidi kuliko desturi. Asimkataze mswaki, amsaidie aupate, na ampeleke kwa tabibu ikihitajika.

FASLU YA SITA: NAMNA YA KUPIGA MSWAKI

Kijiti kilicho bora ni cha mti wa mswaki, uitwao kwa Kiarabu araka. Kiwe kibichi, unene wake kama kidole cha mwisho, na urefu wake usipite shibiri. Kimenywe ganda kadiri ya upana wa kidole kimoja. Kikiwa kikavu kilowekwe majini. Kisha kitafunwe taratibu mpaka nyuzi zifumuke na kulainika. Nyuzi zikichakaa zikatwe, na mahali papya pamenywe. Kisitiwe mfukoni pamoja na fedha na ugoro, bali kioshwe na kuwekwa mahali safi penye hewa. Wala mtu asitumie kijiti cha mwenziwe, kwani maradhi hupita humo.

Wanazuoni wa Kishafi wamesema meno yapigwe mswaki kwa upana wala si kwa urefu, na sababu waliyoitaja ni kuchelea kuzitoa damu fizi na kuiharibu nyama ya meno. Fahamu nzuri hiyo: tangu zamani waliona kuwa mswaki usiohurumia fizi si mswaki. Na matabibu wa leo wasema yaliyo karibu na hayo: nyuzi ziwekwe kwa kuinamishwa penye mpaka wa jino na ufizi, kisha mkono uende kwa mwendo mfupi, mwepesi, jino moja baada ya jingine. Atumiaye nguvu kama asuguaye sufuria hurudisha fizi nyuma.

Aanze upande wa kulia. Apige nje ya meno, kisha ndani yake, kisha juu ya magego, kisha ulimi. Pande za ndani na magego ya mwisho ndipo watu wa kijiti wanaposahau. Na hapo ndipo ugaga unapojaa, khasa nyuma ya meno ya chini ya mbele. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonesha kuwa kijiti kikipigwa sawasawa hufanya kazi ya burashi. Kisipofika ndani, hakifanyi.

Asiyeweza kufika kwa kijiti atumie burashi laini na dawa ya meno yenye floraidi, kwa kadiri ya dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Usiku ndio wenye haja zaidi, kwani mate hupungua usingizini. Na baina ya meno mswaki hauingii. Hapo pasafishwe mara moja kila siku kwa uzi mwembamba wa meno au burashi ndogo ya kupenya, kwa upole, bila ya kuchoma ufizi. Mchanga, majivu na mkaa visitumiwe, kwa kuwa hukwangua jino lenyewe.

FASLU YA SABA: DAWA

Aonaye damu na asione dalili nyingine, afanye hivi: asiache hatta siku moja. Asafishe kama ilivyoelezwa, mahali penye damu kabla ya pengine, kwa mkono mwepesi. Siku za kwanza damu yaweza kuendelea, asiogope. Aghalabu hupungua kwa muda wa juma moja au mawili. Maji ya uvuguvugu yenye nusu ya kijiko kidogo cha chumvi kwa kikombe hutuliza fizi zikisukutuliwa, kisha yatemwe.

Damu isipokoma kwa majuma mawili, au ugaga ukionekana, au meno yakitikisika, aende kwa tabibu wa meno. Tabibu hupima vijifuko kwa kijiti chenye alama, hukwangua ugaga juu na chini ya ufizi, na pakiwa na haja hutia ganzi. Maradhi yakiwa yameshuka sana, huenda akafunua ufizi apate kufika chini. Wako wasemao kukwangua hulegeza meno. Si kweli: ugaga mwingi huziba nafasi kama udongo katika ufa, na ukiondoka mtu huona ufa uliokuwapo. Kisha kazi hurudi kwa mwenye meno, kwani asiposafisha kila siku ukoga hurudi.

Mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba ni mashuhuri kwa mti wake, hutia ganzi na kutuliza maumivu. Lakini hayaondoi ukoga wala ugaga, na yakipakwa mengi huunguza ufizi. Kadhalika vidonge vya kuua vijidudu, vinunuliwavyo dukani bila ya agizo, havifiki ndani ya ugaga; mtu hupoa siku chache, kisha hurejea alipokuwa. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini hufaa kwa muda mfupi kwa agizo la tabibu. Ikizidi hutia meno madoa.

Na mambo haya hayangojwi: uvimbe wa uso au shingo, homa pamoja na usaha, tabu ya kumeza au kupumua, damu isiyokatika, kidonda kinywani kisichopona kwa majuma mawili. Mwenye hayo aende hospitali siku ile ile. Tena fizi zitokazo damu pamoja na madoa ya damu mwilini au uchovu mkubwa zaweza kuwa dalili ya maradhi ya damu yenyewe. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande amjulishe tabibu wake, wala asiziache kwa rai yake.

FASLU YA NANE: MASUALA MATATU

Suala: Je, burashi hutosha kwa sunna ya mswaki?
Jawabu: Hutosha, kwa kuwa wanazuoni wamesema kila kitu kikwaruzacho, kilicho tahiri, kinachoondoa uchafu, hupatikana kwacho asili ya sunna, ingawa araka ni bora. Shaka ya wazee ilikuwa juu ya burashi za nywele za nguruwe. Mwaka 1938 zilianza kuuzwa za nailoni, nazo ndizo zilizoenea leo. Ajuaye kuwa yake ni ya nailoni hana la kushuku.

Suala: Mwenye kufunga afanyeje?
Jawabu: Iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Shafi ni kuwa mswaki kwa aliyefunga ni karaha baada ya jua kupinduka, na Imamu Nawawi katika Majmuu amechagua kuwa si karaha. Kwa kauli zote mbili, usiku wote na asubuhi ni wakati wa kusafisha. Basi asafishe vizuri baada ya kufuturu na baada ya daku, kwa uzi na dawa ya meno, naye hatapungukiwa na kitu.

Suala: Damu ikimtoka wakati wa kutawadha?
Jawabu: Damu ni najisi, aiteme, asukutue mpaka maji yawe safi, kisha aendelee. Wala asiimeze, khasa akiwa amefunga. Aliyepatwa na damu isiyokatika, na asiweze kujiepusha nayo, wanazuoni wamemtajia ruhusa. Amwulize mwanachuoni wa mji wake. Lakini afuataye ruhusa na aifuate pamoja na dawa, asiifanye ruhusa kuwa makazi.

KHATIMA

Meno ni amana kama zilivyo amana nyingine za mwili. Hayalii wala hayapigi kelele mpaka yamekaribia kuondoka. Damu ndiyo sauti yao ya kwanza. Aisikiaye akazidisha usafi, kwa kijiti cha senti chache na uangalifu wa dakika mbili, huenda akazeeka na meno yake, akala pamoja na wajukuu zake na kusoma herufi zake kwa utimilifu. Na aliyekwisha kuuweka mswaki wake dirishani, auteremshe, akate nyuzi za zamani, amenye mahali papya, aanze kwa sala ijayo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye aafikishaye.